Kengele za Alasiri za Kerana

Mama mkwe wangu sikumpenda, na niseme hivyo tangu mwanzo msije mkadhani namsifu kwa kuwa ni marehemu. Mwaka wa kwanza nilioolewa kijijini Gorna Buchina nilikuwa nikimwombea apate homa ndogo tu, ya siku tatu, nami nipumue. Mdomo ule! Ukifagia, hujafagia. Ukipika maharage, maji mengi. Ukipunguza maji, umeyaunguza. "Nyie watu wa bondeni," alikuwa akiniambia, "mnapika kama mnaogopa moto." Jina lake Kerana. Mfupi, mkavu, kitambaa cheusi kichwani kimefungwa mpaka nyusi zimepanda, na mkono wa kushoto ndio mkono wake wa kila kitu: wa kukanda unga, wa kushika kisu, na wa kunivuta sikio nikizubaa.

Leo mimi mwenyewe nina wake wa wanangu wanaoniombea homa, na huyo mama ndiye ninayemsimulia kwa kila anayetaka na asiyetaka.

Kijiji chetu ni cha kengele za kondoo. Nyumba za wahunzi ni tano, zimepandana mlimani, paa la huyu liko chini ya miguu ya yule, na tangu babu wa babu zao walipopanda huku na nyundo zao, kazi ni hiyo moja. Unakunja bamba la chuma, unaligongea misumari, unalifunika udongo uliochanganywa na samadi, ndani ya udongo unatia vipande vya shaba, kisha tanuruni. Shaba inayeyuka, chuma kinainywa. Hiyo kazi mtu yeyote asiye mvivu anaweza kujifunza. Mume wangu Spas aliiweza vizuri sana, na tanuru lake halikuwahi kuharibu kengele.

Lakini kengele ikitoka tanuruni bado ni sufuria. Ukiigonga inasema "gwa". Inabidi itiwe sauti. Fundi anaiweka juu ya fuawe, anagonga mdomo wake kidogo hapa, kidogo pale, anaiinua, anaisikiliza, anarudia. Pigo moja zaidi na umeiua, hairudi tena. Na kila nyumba ina sauti yake, haifanani na ya jirani. Mchunga kondoo ananunua kengele thelathini za nyumba moja, kubwa na ndogo, zinazopatana, halafu analala kwenye majani amefumba macho na anajua kondoo gani amepotea, kwa sababu kuna sauti imekosekana. Kwa hiyo walikuwa wakivuka milima miwili kuja kwetu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, na walichokuwa wakikitazama kwanza begani mwa kengele ni muhuri.

Muhuri ndio nyumba. Ni kipande cha chuma urefu wa kidole, kina alama ya mwenye nyumba kwenye ncha. Wetu ulikuwa nyota ya ncha nne. Fundi akipoteza sikio, mafundi wenzake wanakutana siku ya Mtakatifu Atanasi, katikati ya baridi, na muhuri wake unavunjwa kwa nyundo mbele yake. Kuanzia hapo nyumba ile inakunja mabamba ya wengine mpaka mwisho wa dunia. Niliwahi kuiona familia iliyovunjiwa muhuri, nyumba ya sita ambayo haihesabiwi tena. Mzee wao hakuwa akitoka hata kwenda kanisani.

Sasa, baba mkwe wangu. Rangel alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye masharubu meupe na mguu mmoja uliovunjika ukaungwa vibaya. Watu walimheshimu kwa sababu haongei ovyo. Nami nilimheshimu kwa hilo. Kumbe haongei kwa sababu hajui wenzake wanazungumza nini! Wenzake wakicheka, anacheka. Wakinyamaza, anashika sharubu. Siku moja mwanamke mmoja alimwambia mumewe amefariki, yeye akatabasamu na kumwambia, "Vizuri sana, msalimie." Tukasema ni uzee. Masikio ya wahunzi hayadumu, hilo kila mtu anajua, lakini kila mmoja anadhani ni la mwenzake.

Na Spas ndiyo hivyo, udongo na moto anavijua, ila sikio lake ni gogo. Padri mwenyewe alimwomba kwa adabu asiimbe.

Mimi siri hii niliifuma kwa ubaya wangu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Rangel alikuwa akivaa koti, anachukua fimbo, anatoka kwenda kilabuni, mvua inyeshe, theluji ishuke. Hajapotea machoni, tayari mama mkwe ameingia kiwandani na kujifungia. Saa mbili, saa tatu nzima. Moshi hautoki. Mlango umekomewa kwa ndani. Nami nikajiambia, aha! Mama mtakatifu ana mtu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiona tayari nimekaa mezani, namwambia, "Mama, leo maharage yamekuwaje?"

Nikaenda kuchungulia kwenye upenyo wa mlango wa nyuma. Mtu hakuwepo. Alikuwepo yeye peke yake, ameketi kwenye kigoda cha mzee, kengele imebanwa shavuni kama mtoto anayeumwa jino. Ametulia kimya. Chini yetu, kwenye kiwanda cha jirani yetu Tsanko, nyundo zilikuwa zikilia, gongo, gongo, gongo. Mama akainua nyundo ndogo kwa mkono wa kushoto, akasubiri, Tsanko alipopiga na yeye akapiga. Pamoja kabisa. Mara tatu. Kisha akaitikisa kengele ndani ya aproni yake, taratibu, na mimi pale mlangoni nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti ya nyumba yetu.

"Ingia au toka," akasema bila kugeuka. "Unaniingizia baridi."

Baridi gani tena! Mle ndani kulikuwa na baridi kupita nje. Ndoo ya maji ilikuwa imeganda juu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakanda mkate. Huoni?"

"Lakini hiyo kazi ni ya baba."

Akaweka nyundo chini. Alinitazama kwa muda mrefu, nadhani alikuwa akipima kama nina akili au la, na hakuridhika sana na alichokiona.

"Baba yako hasikii, Nonka. Mwaka wa tatu huu. Anapiga kwa mazoea, mkono unakumbuka, lakini sikio limekufa. Asubuhi anazitia sauti, zinatoka zimepinda. Mchana nazinyoosha."

"Na yeye hajui?"

"Akijua nitamzika. Wewe unamjua mzee yule? Yeye ni kengele tu, hana kingine. Akijua kwamba zake zinatoka mbovu, hataomba hata maji."

"Na wewe nani alikufundisha?"

"Mimi ni binti wa nyumba ya juu kabisa. Sikufundishwa, wasichana hawafundishwi. Lakini hakuna aliyenizibia masikio." Akachukua kengele nyingine. "Haya, kwa kuwa umeshaingia, kaa pale dirishani. Ukimwona anapanda, kohoa."

Ndivyo nilivyokuwa mlinzi. Miaka mitatu nilikohoa, mpaka majirani wakaniletea asali. Na ndipo nilipoanza kumpenda yule mwanamke, taratibu, huku nikiwa nimekasirika. Nilimwona akiamka kabla ya jogoo, akikamua, akipika, akifua kwenye maji ya barafu, akinitukana, halafu mchana akikaa kwenye kile kiwanda bila moto. Moto ulikuwa haufai. Bomba la moshi la kiwanda chetu linaonekana kutoka kila mahali kijijini. Moshi ukitoka wakati Rangel hayupo, watu wangeuliza nani anafanya kazi. Vidole vyake vilipasuka, vikawa vinatoa damu kwenye mipini. Alikuwa akivipaka mafuta ya nguruwe na kusema ni kwa ajili ya kufua. Nikimwambia apumzike leo, ananiuliza, "Wewe utazitia sauti? Haya, niimbie." Nikiimba anacheka mpaka anashika mbavu. Ni pale tu nilipowahi kumwona akicheka.

Na kengele zetu, jamani! Miaka ile wachunga kondoo walikuwa wakipita milango minne ya wengine na kuja kwetu. Walisema Rangel kadiri anavyozeeka ndivyo mkono wake unavyokuwa mtamu. Mzee alikuwa akisikiliza sifa hizo, yaani alikuwa akiitazama midomo yao, anashika sharubu, anaangalia pembeni.

Balaa likaletwa na gari la magogo. Wiki moja kabla ya Mtakatifu Atanasi, Rangel alikuwa akishuka kwenye barabara nyembamba, na nyuma yake gari la ng'ombe likakatika breki kwenye barafu. Dereva alipiga kelele. Watu wakapiga kelele. Mbwa wote wa Gorna Buchina wakabweka. Rangel anatembea tu na fimbo yake, polepole, kama bwana harusi. Tsanko ndiye aliyeruka akamvuta kwenye ua wake, na gari likapita likimgusa koti.

Tsanko alimwokoa, sikatai. Lakini Tsanko alikuwa mtu wa sheria mpaka kwenye kucha, na alikuwa na kijicho cha miaka sita cha kuona wateja wakipita mlangoni kwake. Hata mzee hajajipangusa theluji, Tsanko ameshapaza sauti mbele ya watu wote:

"Fundi wa sauti hasikii gari la magogo? Hasikii ng'ombe? Basi anazitiaje kengele sauti, kwa pua? Nadai asikilizwe! Siku ya Mtakatifu Atanasi, kwa sheria!"

Akishadai mtu, imekwisha. Kusikilizwa ni hivi: mafundi wote wenye muhuri wanakaa kwenye benchi moja katika chumba cha mafundi kando ya kanisa, uso ukutani. Mchunga kondoo anafungua kengele mojawapo kwenye kundi lake na kuitikisa nyuma yao mara tatu. Kila mmoja anasema ni ya mkono wa nani. Anayekosea anatoa muhuri wake. Wanapimwa wote, siyo yule anayeshukiwa peke yake, ili pasiwe na uonevu.

Wiki ile nyumbani kwetu hapakulika. Spas alikuwa akitembea huku na huku kama kuku aliyekatwa kichwa. Mimi nilikuwa na akili za bondeni, nikawa natoa mipango.

"Mama, tumfunge uzi mguuni. Upite chini ya mlango. Ikiwa kengele ni ya Tsanko, navuta mara mbili, ikiwa ni yetu..."

"Funga mdomo badala ya mguu," akasema. "Chumba kile hakidanganywi. Baba yangu alikaa kwenye benchi lile."

"Basi waambie ukweli! Waambie mkono ni wako!"

Akageuka na ule mwiko mkononi, nikarudi nyuma. Lakini hakunipiga. Alikaa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

"Nikisema, nauokoa muhuri na namuua mwenye muhuri," alisema. "Mbele ya watu wote, asikie kutoka kwangu kwamba kwa miaka sita kazi yake ni takataka na mkewe alikuwa akiizoa nyuma yake. Nisiposema, wanauvunja na anakufa vilevile. Haya, wewe mwenye mipango, nipangie."

 Nilimwona akilia kwa mara ya kwanza, bila sauti, huku akiendelea kukatakata kabichi. Nami nikalia, na kabichi ile ikaliwa na chumvi ya kutosha.

Siku yenyewe theluji ilikuwa magotini. Wanawake hawaingii chumba cha mafundi, kwa hiyo tulisimama nje dirishani, tumebeba sinia za banitsa, mikate ya jibini, za karamu ya baadaye, zinapoa mikononi. Nilifuta kioo kwa kiwiko. Ndani nikawaona watano kwenye benchi, migongo kwetu: mzee Boncho, mkubwa wa mafundi wote, miaka themanini na ushee, wawili wa nyumba za katikati, Tsanko, shingo nyekundu, na mwisho kabisa Rangel, ameweka mikono magotini. Nyuma yao alisimama Dragni, mchunga kondoo kutoka upande wa pili wa mlima, na kengele moja aliyoifungua asubuhi ile kwenye shingo ya kondoo dume wake wa mbele.

Dragni akaitikisa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mama mkwe pembeni yangu akashusha pumzi. Aliijua kabla haijanyamaza.

"Ya Rangel," alisema wa kwanza.

"Ya Rangel," wa pili.

"Rangel. Hakuna nyingine inayolia vile," alisema Boncho.

Tsanko alikawia kidogo. Ulimi ulikuwa ukimuwasha, lakini chuki yake iliishia masikioni, haikuingia ndani. "Ya Rangel," akasema. "Na ni nzuri."

 Zamu ya Rangel. Yeye ametazama ukuta tu. Hajui hata kama kengele imelia. Mama mkwe alinishika mkono kwa vidole vile vilivyopasuka, akanibana mpaka nikataka kupiga kelele.

"Mnaona!" akasema Tsanko. "Kengele yake mwenyewe inamwita, haijui!"

Hapo Rangel, alipohisi benchi likitikiswa na Tsanko, bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma na kufungua kiganja. Dragni akamtazama Boncho.

"Anataka kuishika," alisema Dragni.

"Sheria inasema asitazame," mzee Boncho akajibu. "Haisemi asiguse. Mpe."

Rangel akaiweka mapajani. Akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa kengele, ndani, polepole, akazunguka mara moja, akarudi kinyume. Kisha akasema kwa sauti ile kubwa ya watu wasiojisikia wenyewe:

"Muhuri ni wangu. Mkono si wangu. Ni wa mke wangu, Kerana."

Tsanko akaruka. Uso ukutani umekwisha, sheria imekwisha, kila mtu amesimama anaongea. Rangel hasikii lolote, anaendelea kuueleza ukuta.

"Mimi hupiga kutoka kulia. Alama hizi zimepigwa kutoka kushoto, juu ya zangu. Zangu zipo chini yake, zimepotoka. Miaka sita sasa. Kila jioni nikirudi nazipapasa kengele, nazikuta zimenyooka. Mwanzoni nilitaka kusema. Kisha nikaona akijua kwamba najua, ataacha, na kengele zitakufa. Kwa hiyo nikawa nampisha. Kila mchana. Kilabuni siendi, pombe yao ya rakia inanichoma tumbo. Nakaa hapa jirani, jikoni kwa mtunza kanisa, mpaka ifike saa ya kurudi."

Nilisikia sinia linaanguka kwenye theluji. Nikageuka, mama mkwe hayupo. Tayari yuko ndani, mwanamke wa kwanza kuingia chumba kile tangu kijengwe, viatu vya theluji na aproni ya unga, na hakuenda kwa mafundi, alikwenda moja kwa moja kwa mumewe akaanza kumpiga mgongoni kwa glavu ya sufu.

"Ulijua! Mzee mwongo wewe! Miaka sita najificha kama mwizi kwenye nyumba yangu, na ulijua! Na huyu msichana amekohoa mpaka mapafu yametoka!"

Rangel akageuka, akamwona, akatabasamu. Hakuwa amesikia hata neno moja, lakini nadhani yote aliyaelewa.

"Uongo!" Tsanko alikuwa akipiga kelele. "Wamepanga! Anaokoa muhuri kwa hadithi!"

"Basi tusikilize," alisema mzee Boncho.

Wakaleta kengele mbichi, iliyotoka tanuruni bila sauti, na nyundo, na fuawe ndogo ya chumba kile. Mafundi wanne wakageuka tena ukutani. Mama mkwe akavua glavu. Alikuwa bado na hasira, na nilimwomba Mungu ampunguzie. Akaibana kengele shavuni, akaigonga. "Gwa." Akageuza, akapiga mara nne, akasikiliza. Mara mbili. Akasikiliza. Mkono ukabaki juu, ukashuka mara moja, kidogo tu. Akaitikisa.

Nimesikia kengele maisha yangu yote. Ile ilinifanya nitake kupiga magoti kwenye theluji.

Wa kwanza kusema alikuwa Tsanko, akiwa bado ameutazama ukuta. "Ndiye," alisema. "Ndiye yeye. Na hizo nyundo... mchana, wakati nafanya kazi... Mimi nilidhani ni mwangwi."

Kisha Tsanko yule, mtu wa sheria, akafanya jambo ambalo lilinifanya nimsamehe mengi. Akatia mkono mkandani, akatoa muhuri wake, akauweka mezani.

"Tuliulizwa ni ya mkono wa nani," alisema. "Nikasema Rangel. Nimekosea."

Mzee Boncho akamtazama. Akacheka kidogo, cheko la kikohozi, halafu uso ukamgeuka, kwa sababu akili ilikuwa imemfikia. Naye alisema Rangel. Wote wanne walisema Rangel. Akatoa muhuri wake, wa babu wa babu yake, akauweka kando ya ule wa Tsanko. Wale wawili wakafuata, mmoja huku machozi yanamtoka. Mihuri minne juu ya meza, na nyundo pembeni. Katika Gorna Buchina nzima nyumba iliyobaki na muhuri ilikuwa ya kiziwi.

"Sheria inasema anayebaki ndiye anayevunja," alisema Boncho, akampa Rangel nyundo.

Rangel akaitazama nyundo, akaitazama meza. Akampa mkewe.

Nitasema ukweli, ningekuwa mimi ningevunja hata mmoja. Wa Tsanko angalau, kidogo, pembeni. Mama mkwe akaishika nyundo, akawatazama wanaume wanne wamesimama kama watoto waliovunja chungu.

"Chukueni vyuma vyenu," alisema. "Wakavunjiane wajinga, mimi nina kazi. Banitsa imemwagika, mtakula kabichi."

"Kerana," alisema mzee Boncho, naye akavua kofia, "kitu kama hiki hakiwezi kupita bure. Sema unachotaka. Muhuri wa jina lako? Tutauchonga leo. Kiti kwenye benchi? Sema."

Mama mkwe alifikiri. Nilitegemea aseme yote mawili, na benchi lenyewe abebe nyumbani. Lakini alikuwa amechoka, nafikiri, uchovu wa miaka yote ile ulikuwa umemshukia pale pale.

"Muhuri tunao," alisema. "Mimi nataka nifanye kazi moto ukiwaka."

Hawakumwelewa. Mimi peke yangu nilimwelewa. Rangel alikuwa akigeuza macho kutoka mdomo hadi mdomo, hakuambulia kitu, akanitazama mimi dirishani. Alikuwa amezoea kunisoma, nilikuwa naongea naye polepole. Nikaingia na mimi, basi, siku ilikuwa imeshaharibika.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anataka moto, baba," nikamwambia, neno kwa neno. "Kiwandani. Moshi ungeonekana, kwa hiyo hakuwahi kuwasha."

Aliutazama mdomo wangu muda mrefu, kana kwamba haukusema vizuri.

"Bila moto?" akasema. "Mimi nilikuwa nadhani anawasha, halafu anazima kabla sijarudi. Mimi nilikuwa kwa mtunza kanisa, miguu kwenye jiko. Miaka sita, Nonka? Baridi hii? Bila moto?"

Nikaitikia kwa kichwa. Yeye akaishika mikono ya mkewe, akaigeuza viganja juu, mbele ya watu wote, akaitazama kama mtu anayeona barua iliyochelewa. Mama mkwe akataka kuivuta, akamwambia aache upuuzi, watu wanatazama. Hakusikia. Kisha akaiachia, akatoka. Hakuchukua koti wala fimbo. Tulimwona akipanda mlima kwenye theluji ile na mguu ule mbovu, anaanguka, anainuka, nusu anakimbia, mzee wa miaka sabini.

Spas alitaka kumfuata. Mama mkwe akamshika mkono wa koti.

"Mwache," alisema. "Mwache awashe."

Tukasimama mlangoni mwa chumba cha mafundi, sisi sote, mafundi, wanawake na Dragni na kengele yake, mpaka moshi ulipotoka kwenye bomba la kiwanda chetu, mweusi kwanza, halafu mweupe.